Naomba ushauri: kalavati linalowazuia samoni, jimbo la Washington

Ndugu wanachama, habari za majukumu.

Mimi na mume wangu tunaishi jimbo la Washington, Marekani, na tuna msitu mdogo wenye kijito kinachopita chini ya barabara yetu kwa kalavati la chuma. Mdomo wake wa chini umening'inia juu ya maji karibu urefu wa mkono. Novemba iliyopita nilimtazama samoni jike, aina ya koho (samaki anayepanda kijito kwenda kutaga mayai), akiruka na kujigonga kwenye chuma tena na tena, mpaka mkia ukawa mweupe kwa kuchubuka. Iliniuma sana.

Sheria ya jimbo inataka kizuizi katika kijito chenye samaki kiwe na njia ya kuwapitisha, na kazi ya namna hii huhitaji kibali cha jimbo, utaratibu uliotokana na sheria ya 1943. Upo pia mpango wa 2003 wa kuwasaidia gharama wenye misitu midogo; aliyejiandikisha halazimishwi kurekebisha mpaka fedha zipatikane. Tumeshajaza fomu, lakini foleni hupangwa kwa kuangalia manufaa kwa samaki, na jirani aliye upande wa juu wa kijito ana kalavati bovu pia, hivyo kurekebisha letu peke yake kutafungua kipande kifupi tu.

Kwa aliyewahi kupitia haya: je, inafaa tuombe pamoja na jirani kama mradi mmoja? Na tukianza kwa fedha zetu, tutapoteza nafasi ya kusaidiwa?

Natanguliza shukrani.