Asilimia 4 ya vijana: tuendelee kukopesha vikundi au tulipie mafunzo?

Wakuu, nauliza, na msimamo wangu nautoa hapahapa. Kila halmashauri Tanzania Bara inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisimamishwa baada ya kelele za vikundi hewa na marejesho mabovu, 2024 ikarudi. Mimi nasema nusu ya fungu la vijana isikopeshwe. Ilipie mafunzo.

Tatizo ni kikundi chenyewe. Vijana watano wanakutanishwa na fomu. Katiba wanachapishiwa steshenari, mradi wanaandika "ufugaji wa kuku" kwa kuwa waliotangulia waliandika hivyo wakapata. Hela ikiingia wanagawana. Mmoja anahamia mkoa mwingine, wanne wanabaki kumkwepa afisa maendeleo wa kata. Kuku hata mmoja hakuna! Hela hiyohiyo ingemlipia kijana ada ya chuo cha ufundi cha VETA na nauli, akatoka na ufundi wa umeme wa magari. Hapo sasa mkopeshe vifaa, yeye peke yake.

— Mkuu, mtaani kwetu wapo waliomaliza umeme wa majumbani VETA, leo wako kijiweni na bodaboda. Tena za mkataba. Cheti wanacho, mtaji hawana. Unataka kuwanyima na huo mkopo?

— Mimi nina gereji. Leteni hao vijana, ila nani anawalisha? Dogo anakuja hajala, saa nne ananiomba hela ya chapati. Akiua gia boksi ya mteja, halmashauri inalipa?

— Kaka fundi, na nyie mmezidi. Mwaka mzima dogo anaosha vyuma na kutumwa vocha, spana anaishikia tu. Halmashauri ikilipa, pawe na maandishi: mwezi wa tatu awe anafunga breki, wa sita ashushe injini. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Fungu lianzie hapo.

— Dada, hilo la maandishi nalichukua. Mkuu wa bodaboda, ndiyo maana nikasema nusu. Hao wa umeme ndio wa kukopeshwa nusu nyingine, kwa jina la mtu na si la kikundi. Fundi, posho ya chakula lazima iwemo. Gia boksi ndiyo inanisumbua. Labda bima?

— Bima ya nini, mkuu? Gereji yenyewe iko chini ya mwembe, kwenye hifadhi ya barabara. Leseni tu sijapewa.