Mjadala: Mnunuzi wa nyumba amwambie dalali nini, na nini asimwambie?

Wakuu habari za wakati huu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana watu wanaumia kila siku na tunaona kawaida. Juzi nyumbani tumebishana sana, mjomba anasema ukienda kwa dalali mwambie kila kitu, hela uliyonayo, lini unataka kuhamia, unanunua keshi au kwa mkopo, kwasababu mficha uchi hazai na dalali hawezi kukutafutia kitu asichokijua. Mimi nasema hapana. Kuna vitu dalali lazima avijue, ukimficha unampotezea muda na wewe unaunguza nauli, ila kuna vitu vitatu usimwambie: mwisho wa hela yako ni wapi, una haraka kiasi gani, na hiyo hela imetoka wapi.

Nianze na kilichonifanya nishike msimamo huu. Kaka yangu mkubwa alistaafu ualimu, akapata kiinua mgongo chake akaamua atafute nyumba Dar upande wa Kinyerezi awe karibu na wajukuu. Dalali wa kwanza tu aliyempigia, akamwaga yote. Nina milioni 80 za kiinua mgongo, kodi ya hapa nilipo inaisha mwezi wa 6, nataka nihamie kwangu. Basi kuanzia siku hiyo kila nyumba aliyoonyeshwa ilikuwa milioni 76, 78, 79. Hata nyumba ya vyumba viwili haijapigwa plasta nje, milioni 77. Mwisho akakubali ya 78 akijua amepunguziwa mbili.

Siku ya kusaini kwa wakili ndo mambo yakajulikana. Wakili alikuwa makini, akasema nyumba hii wanaishi mume na mke, bila mke kuridhia sisaini, na ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Akaitwa yule mama. Akasomewa mkataba, akasikia milioni 78, akamgeukia mume wake akamuuliza, sisi si tunauza 62? Hapo ndo tukajua kuna milioni 16 za cha juu katikati, na madalali walikuwa watatu, wa kwetu hakuwa hata anamjua mwenye nyumba, alikuwa dalali wa dalali. Hawa watatu wote walikuwa wanapanga kufuatana na namba moja tu ambayo kaka aliisema kwa mdomo wake mwenyewe. Tulivutana mpaka jioni, akalipa 67. Angekuwa amekutana na wakili mzembe hizo milioni 11 zilikuwa zimeenda, hela ya mtu aliyefundisha maisha yake yote.

Kwahiyo hoja yangu iko hapa. Kabla ya kufungua mdomo jiulize dalali analipwa na nani na analipwaje. Kwa utaratibu wetu wa mtaani analipwa asilimia na mwenye nyumba, au anaambiwa mimi nataka 62 kinachozidi ni chako. Kwa namna zote mbili ukilipa zaidi yeye anapata zaidi. Sisemi ni mtu mbaya, wapo madalali waaminifu na mmoja amenisaidia kiwanja Madale mpaka leo namshukuru, ila maslahi yake hayako upande wako, na mtu ambaye maslahi yake hayako kwako humpi kipimo cha mfuko wako.

Sasa ambayo lazima umwambie. Kwanza kama unanunua kwa mkopo wa benki, sema siku ya kwanza. Benki itataka hati, itatuma mthamini wake, itachukua wiki kadhaa, na nyumba nyingi za mtaani hazina hati, zina leseni ya makazi au makaratasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Usiposema utazungushwa nyumba kumi na zote benki itazikataa. Pili uraia wako. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilipotungwa ilimbana asiye raia, ardhi alipewa kwa ajili ya uwekezaji, sio nyumba ya kupumzikia, kwahiyo ndugu zetu wa Muscat na London mliobadilisha pasi msinunue kimyakimya kwa jina la binamu, semeni mapema mshauriwe na wakili. Tatu matumizi. Kama unataka kufungua duka barazani, au shule ya chekechea, au una gari ya mizigo inayohitaji njia pana, sema. Mtu ananunua nyumba alafu baadae anagundua hati inasema makazi tu.

Na bajeti? Mtaje namba ya kuanzia, sio ya mwisho. Kama una 80 sema natafuta za 55 mpaka 60. Bei ya nyumba itoke kwenye nyumba, tembea ulizia majirani, angalia kiwanja jirani kiliuzwa ngapi, kama hela ni nyingi lipa mthamini aliyesajiliwa. Usikubali bei itoke kwenye akaunti yako.

NAONGEZA baada ya kusoma majibu yenu.

Kuna ndugu yetu dalali wa Mbezi ameandika kwa uchungu na nimemsoma mara mbili. Anasema wateja wanaficha bajeti, anawapeleka Goba, Bunju, Kigamboni, mafuta ni yake, simu ni yake, alafu mteja akiipenda nyumba anarudi usiku peke yake anamruka dalali anamalizana na mwenye nyumba. Hilo ni kweli linafanyika na ni dhulma, silitetei hata kidogo. Mtu kakutafutia, kakuonyesha, mlipe. Ila ndugu yangu dalali dawa yake sio mimi kukuonyesha salio langu. Dawa ni tuandikishane kabla hatujapanda gari, karatasi moja, malipo yako ni kiasi fulani kisichopanda wala kushuka bei ikibadilika, na nikinunua nyumba yoyote uliyonionyesha ndani ya miezi kadhaa nakulipa hata kama umelala. Ukikubali hivyo na mwenye nyumba naye akijua, mimi nitakwambia mpaka shilingi ya mwisho, kwasababu hapo umekuwa mtu wangu.

Mwingine yuko Marekani anasema kwao tangu mwezi wa 8 mwaka 2024 mnunuzi anasaini mkataba wa maandishi na dalali wake kabla ya kwenda kuona nyumba, na malipo yanaandikwa humo. Nadhani ndo njia hiyohiyo ninayoisema, japo kule dalali ana leseni na ukimshtaki unajua pa kumpata. Dada wa Nairobi naye kakumbusha kwamba Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984 na bodi ya kuwasajili, ila anasema na huko wasiosajiliwa wamejaa. Sawa, lakini angalau mnunuzi ana orodha ya kuangalia. Sisi dalali wengi tunawajua kwa namba ya simu iliyopakwa rangi ukutani.

Kuna aliyenibana vizuri na huyu nakubali nilikosea. Anasema Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006 inawataja mawakala wa nyumba kati ya watu wanaotakiwa kumtambua mteja na kutoa taarifa akitiliwa shaka, sasa inakuwaje nasema usiseme hela imetoka wapi? Ni kweli. Nirekebishe. Kitambulisho na chanzo cha hela utavionyesha, tena kwa karatasi, wakati wa kusaini na kulipa, kwa wakala mwenye ofisi, kwa wakili na kwa benki. Ninachokataa ni kule kusimulia njiani. Nimestaafu, nimelipwa mirathi, mume wangu yuko Oman ananitumia. Maneno haya hayafiki Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, yanafika kwa dalali wa pili na wa tatu kama taarifa kwamba mteja wenu amejaa.

Na yule mama kwenye majibu aliyesema kila dalali anamuuliza mume wake yuko wapi, ukweli hawana haja ya kujua. Wa kujulishwa ndoa ya mnunuzi ni wakili anayeandika mkataba, kwasababu ya majina yatakayoingia. Dalali mjibu ananunua niliye mbele yako, alafu muulizie nyumba.

Swali la mwisho limeulizwa na watu watatu: dalali akikukazia macho, mzee una ngapi, udanganye? Hapa mjomba na mimi tumekubaliana kwa mara ya kwanza. Usidanganye. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili, hata Sheria ya Mikataba inavitofautisha, mkataba uliopatikana kwa udanganyifu upande mwingine unaweza kuukataa. Usiseme nina keshi wakati unasubiri mkopo, mwenye nyumba anaweza kufukuza wateja wengine kwa ajili yako alafu ukamwangusha. Lakini kusema "bei ya nyumba niambie wewe, yangu nitaisema nikikaa na mwenye nyumba" sio uongo.

Bado sijui mnaonaje kwenye haraka. Mjomba anasema tarehe ya kuhamia lazima uiseme maana nyumba nyingine zina wapangaji ndani. Mimi naona uulize wewe, wapangaji wanatoka lini, alafu upige hesabu kimoyomoyo. Kaka mpaka leo anasema kilichommaliza sio milioni 80, ni kusema kodi inaisha mwezi wa 6, kwasababu kila alipotaka kukataa nyumba dalali alikuwa anamhesabia siku zilizobaki. Waliowahi kununua na kodi ikiwa shingoni, nyie mliifanyaje?