Majirani wa Portland Mashariki: kodi ya mafuta na ada za gari

Alhamisi, 28 Agosti 2025

*Mama Neema:* Hamjambo majirani. Kesho Bunge la Oregon linaanza kikao maalumu Salem, kimeitishwa na Gavana Kotek ili kupandisha kodi ya mafuta na ada za gari kwa ajili ya barabara na mabasi. Tuliongelee kabla hawajapiga kura.

*Baba Amani:* Shikamoo Mzee Hamisi. Mama Neema, ni kiasi gani hasa? Kazini kila mtu anasema lake.

*Mama Neema:* Petroli senti 6 zaidi kwa galoni, kutoka 40 hadi 46. Usajili wa gari dola 42 zaidi kwa mwaka. Kadi ya gari, ile hati ya umiliki unayolipia ukinunua gari, ada ya msingi kutoka dola 77 hadi 216. Na ile kodi ya mabasi inayokatwa kwenye mshahara, kutoka asilimia 0.1 hadi 0.2.

*Dada Zawadi:* 216 😳

*Baba Amani:* Senti 6 sizipigii kelele. Nikijaza galoni 12 ni senti 72. Wenzetu wa jimbo la Washington wamepandisha hivyohivyo Julai, wako senti 55.4. Ila usajili tunalipia miaka miwili kwa mkupuo. Hiyo ni 84 zaidi siku moja, na mwezi huohuo kodi ya nyumba inakungoja.

*Dada Zawadi:* Mimi nimepata Corolla ya dola 3,000, nasubiri mshahara tu. Kadi inaniongezea 139. Anayenunua gari jipya la 60,000 naye ni 139. Haki iko wapi hapo?

*Mama Neema:* Bado haijapita, mdogo wangu. Ukiwahi DMV, ofisi ya magari, sasa unalipa ada ya zamani.

*Mzee Hamisi:* Marahaba Baba Amani. Wanangu, nawasikia, lakini mmesahau barafu ya Januari 2024? Idara ya barabara, kwa kukosa pesa, imetangaza kupunguza karibu watu 500 na kufunga vituo 12 vya matengenezo. Na katiba ya jimbo inataka kodi ya petroli iende barabarani tu.

*Kaka Bahati:* Mzee anasema kweli. Nipo Pendleton na lori. Sisi wa malori makubwa kodi ya dizeli haituhusu, tunalipa kwa maili na uzito. Lakini kile kilima cha Cabbage Hill usiku wa theluji, greda likichelewa tunapaki foleni nzima, hakuna anayethubutu kushuka.

*Baba Amani:* Sasa pesa zimepungukaje?

*Kaka Bahati:* Kodi ni kwa galoni. Magari ya siku hizi yanakunywa kidogo, ya umeme hayanywi kabisa. Lami haijashuka bei.

*Mama Neema:* Kupandisha kodi kunahitaji kura 36 kati ya 60 kwenye Baraza la Wawakilishi, na Seneti 18 kati ya 30. Democrats, chama cha Gavana, wana idadi hiyo kamili, hawana hata mmoja wa ziada. Kwa hiyo mbunge wetu akipata barua zetu atazisoma. Mimi nasema hivi: senti 6 sawa, wafanyakazi wabaki, ila ada ya kadi ipimwe kwa thamani ya gari.

*Mzee Hamisi:* Naunga mkono. Na ya mabasi msiipinge, ni dola moja zaidi kwa kila elfu. Mama yenu anakwenda kliniki kwa basi.

*Dada Zawadi:* Naandika la Corolla sasa hivi. Kiingereza changu cha barua nani ataninyooshea?

*Baba Amani:* Nitumie, mwanangu ataipitia.

*Mama Neema:* Kila mtu anitumie ya kwake kabla ya saa tatu usiku, na anwani ya nyumbani muiweke, wajue sisi ni wapiga kura wa hapa.