Kura ya mchujo kwenye jimbo ambalo chama hakishindi Novemba: iwe na uzito uleule?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naweka mezani swali ambalo halikosekani Marekani msimu wa mchujo wa urais ukifika.

Chama cha Demokratik hakijashinda kura ya urais South Carolina tangu 1976, enzi za Jimmy Carter. Kwa nini basi wanachama wake wa huko wawe na sauti kubwa ya kuamua nani apeperushe bendera ya chama? Ugeuze upande wa pili: Republikan haijashinda urais California tangu 1988, lakini mwaka 2024 California ilipewa wajumbe 169 kwenye mkutano mkuu wa Republikan, wengi kuliko jimbo lingine lolote. Wajumbe wote hao wanachagua mgombea ambaye jimbo lao halitampa hata moja kati ya zile kura 538 zinazoamua urais, ambazo kila jimbo lina fungu lake.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Kura hizo zihesabiwe, na uzito wake utokane na idadi ya watu waliojitokeza kupiga, siyo rangi ya jimbo lao, yaani chama linachokipa ushindi, kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba.

Kwanza, angalieni ni nani huwa anatoa hoja ya kuzipunguza. Mwaka 2008 kambi ya Hillary Clinton ilisema Obama anajikusanyia wajumbe Idaho, Utah na Nebraska, ambako Demokratik haina chake, wakati mama ameshinda California, New York na New Jersey. Ikafika 2016, Clinton huyohuyo akavuna Kusini yote, na safari hii ni mpinzani wake kwenye mchujo, Bernie Sanders, aliyesema kwamba kutanguliza majimbo mengi ya Kusini kunapotosha hali halisi. Hoja ileile, imehama kambi ndani ya miaka minane. Na Sanders naye alishinda kwa kishindo Utah, Idaho na Alaska, ambazo ni ngome za Republikan vilevile.

Pili, na hili ndilo linaloniuma: ukisema Kusini isihesabike kwenye mchujo wa Demokratik, unamwambia nani? Katika mchujo wa South Carolina wa 2016, karibu wapigakura sita kati ya kumi walikuwa Weusi. Hawa ni watu ambao babu zao walizuiwa kupiga kura ya mchujo waziwazi. Mfano ni Texas: enzi hizo ilikuwa ya chama kimoja, Demokratik. Aliyeshinda mchujo alikuwa ameshamaliza kazi, Novemba ilikuwa ya kukamilisha ratiba. Chama kikaweka kanuni kwamba mchujo ni wa Wazungu tu. Daktari wa meno mmoja Mweusi wa Houston, Lonnie Smith, alinyimwa karatasi ya kura, akaenda mahakamani, wakili wake akiwa Thurgood Marshall, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaifuta kanuni hiyo. Miaka ishirini baadaye, 1964, mwanaharakati Mweusi wa haki ya kupiga kura, Fannie Lou Hamer, na wenzake wa Mississippi walifika mkutano mkuu wa Demokratik mjini Atlantic City kudai nafasi za ujumbe wa jimbo lao, kwa sababu ujumbe rasmi ulikuwa wa Wazungu watupu. Wakapewa viti viwili. Wakavikataa.

Leo mtu mwenye nia njema kabisa anasimama na kusema kura za watu haohao zipunguzwe kwa sababu majirani zao Wazungu wanaipigia Republikan. Yaani wanashindwa mara mbili: Novemba wanazidiwa na majirani, Februari wanapuuzwa na chama chao wenyewe. Nielezeni haki iko wapi hapo.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Mkuu, historia umeipanga vizuri, lakini swali umelikwepa. Mchujo ni wa nini? Ni wa kumpata mtu atakayeshinda. Chama si chombo cha kugawia heshima, ni chombo cha kushika dola. Kocha hapangi kikosi cha fainali kwa kuwafurahisha mashabiki wa mechi ya kirafiki.

Chukua mfano uleule wa 2008. Tarehe 5 Februari Obama alishinda Idaho na Clinton akashinda New Jersey. Idaho walijitokeza watu kama elfu ishirini na moja kwenye kokasi, ile mikutano ya jioni ambapo unakwenda ukumbini na kuhesabiwa hadharani uko kundi gani. New Jersey walipiga kura zaidi ya milioni moja. Obama alitoka Idaho akimzidi mwenzake wajumbe 12, Clinton akatoka New Jersey akizidi kwa 11. Ukumbi mmoja mmoja wa Idaho, jimbo ambalo Demokratik haijalishinda tangu 1964, ukafuta kazi ya New Jersey nzima. Hiyo nayo ni haki?

Mimi nasema majimbo yanayoamua Novemba yatangulie na yaongezewe wajumbe. Mwaka 2024 wagombea wote wawili walimaliza miezi yao Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Kama mpigakura wa Pennsylvania ndiye atakayeamua, basi tumuulize yeye kwanza anamtaka nani. Kumuuliza mtu wa Alabama halafu kutegemea mtu wa Pittsburgh, huko Pennsylvania, akubali ni kujitakia kushindwa.

Mchangiaji (Houston)

Ndugu zangu, mimi niko Texas, hili jambo naliishi. Huku hujiandikishi kama mwanachama. Mwezi Machi unafika kituoni, karani anakuuliza mezani unataka karatasi ya chama gani, unachukua moja. Hakuna Mdemokrat aliyeshinda kiti cha jimbo zima hapa tangu 1994, kwa hiyo gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo na majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wanapatikana kwenye mchujo wa Republikan. Nina jamaa kaunti za nje ya jiji, ni Wademokrat damu, wanachukua karatasi ya Republikan ili angalau wachague nani atawatawala. Wakishaichukua, mchujo wa urais wa Demokratik haupo tena mikononi mwao. Mkisema mchujo kwenye jimbo la upande mmoja hauna maana, mnasahau kwamba kwa viti vya chini mchujo ndiyo uchaguzi wenyewe.

Halafu mleta mada, nikuonye kuhusu hiyo hesabu ya waliojitokeza. Mwaka 2008 Demokratik ya Texas iligawa wajumbe wake kwa wilaya za seneti ya jimbo, ikitazama wilaya ipi ilikipigia chama kura nyingi kwenye chaguzi zilizotangulia. Wilaya za Houston na Austin zikapata wengi. Bonde la Rio Grande, mpakani na Mexico, kwenye Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wengi wenye mwamko mdogo wa kupiga kura, wakapata kiduchu. Siku ya kura Walatino wakafurika vituoni, wengi wakimpigia Clinton, lakini wajumbe walishagawanywa. Clinton akashinda kura za mchujo Texas, Obama akaondoka na wajumbe wengi zaidi ukijumlisha na kokasi zilizofanyika usiku uleule. Ukimpa mtu uzito kwa mahudhurio ya zamani, unamwadhibu yule ambaye chama hakijawahi kumfuata.

Mleta mada

Ndugu wa Houston, nimekuelewa na nakubaliana nawe moja kwa moja. Uzito utoke kwa waliopiga siku hiyohiyo, siyo waliopiga miaka minne nyuma.

Kaka wa Columbus, mfano wako wa Idaho una mashiko, ila unanisaidia mimi. Clinton alimzidi Obama New Jersey kwa kura zaidi ya laki moja, Obama akamzidi Clinton Idaho kwa kura kama elfu kumi na tatu. Kosa liko wapi? Kila jimbo lilipewa kapu lake la wajumbe kabla ya mtu yeyote kupiga kura, kisha likaligawa kwa uwiano, kwa hiyo ushindi wa asilimia themanini kwenye kapu dogo ukazaa tofauti kubwa kuliko ushindi wa asilimia hamsini na nne kwenye kapu kubwa. Hapo rangi ya jimbo haijahusika. Idaho ingekuwa ngome ya Demokratik, hesabu ingetoka vilevile. Dawa yake ni kuhesabu vichwa, na ukihesabu vichwa New Jersey inapata haki yake bila Idaho kutukanwa.

Tena kanuni za Demokratik tayari zinaangalia hayo unayoyataka. Mgao wa wajumbe wa jimbo ni wastani wa vitu viwili: sehemu yake katika zile kura 538, na sehemu yake katika kura zote ambazo wagombea urais wa chama walizipata kwenye chaguzi tatu zilizopita. Jimbo lenye Wademokrat wachache linapata wachache. Wenzao wa Republikan ndio wenye jambo la ajabu: kila jimbo la ubunge hupata wajumbe watatu, liwe limejaa Warepublikan au ni katikati ya San Francisco ambako ni wa kuhesabika. Mrepublikan wa San Francisco kwa hiyo ana uzito mara nyingi kuliko mwenzake wa vijijini Alabama. Hilo nalipinga kwa sababu ileile, kwamba watu hawakuhesabiwa sawa.

Na tusiyaite majimbo haya matupu. Mwaka 2020 Biden alipata kura nyingi zaidi Texas, alikoshindwa, kuliko New York, alikoshinda. Trump alipata kura nyingi zaidi California kuliko Texas. Mamilioni ya watu hao wana sehemu moja tu ya kusikika katika kumpata rais, nayo ni mchujo.

Mchangiaji (Nairobi)

Wenzangu, niingize neno kutoka Kenya. Sisi ngome tunazijua, na tunajua tiketi ya chama kwenye ngome ni sawa na kuapishwa. Lakini kwa urais, Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na juu yake angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Mgombea anatafuta kura hata kwa mpinzani, kwa sababu kura ya Raila iliyopigwa Nyeri ilikuwa inaingia kwenye jumla ya taifa sawa na ya Kisumu. Marekani, majimbo 48 yanampa mshindi kila kitu, aliyepata asilimia 45 anatoka mikono mitupu. Ni Maine na Nebraska tu wanaogawa. Mimi naona mnatibu mchujo ilhali ugonjwa uko Novemba.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Wa Nairobi, nakubali, lakini kuhamia kura ya taifa zima kwa kubadili Katiba ya Marekani kunataka theluthi mbili za Bunge na robo tatu ya majimbo. Tuzungumze kinachowezekana, yaani kanuni za vyama.

Mleta mada, hesabu yako ya vichwa ina shimo. Mchujo haufanyiki siku moja. Mwaka 2020 South Carolina ilipiga kura tarehe 29 Februari. Siku tatu kabla, Jim Clyburn, mbunge Mweusi mkongwe wa jimbo hilo, alikuwa amemuunga mkono Biden. Biden akashinda kwa karibu nusu ya kura, wenzake wakaanza kujitoa, na Jumanne iliyofuata mbio zikageuka kabisa. New Jersey ikapiga kura Julai, mambo yameisha. Nani atajitokeza Julai? Uzito wa kweli hauko kwenye wajumbe, uko kwenye kalenda. Chama kiliona hivyo, ndiyo maana kwa 2024 kiliitanguliza South Carolina tarehe 3 Februari. New Hampshire wakakataa, wakapiga kura Januari bila jina la Biden kwenye karatasi, na watu wakaliandika kwa mkono mpaka akashinda. Sasa kama lazima mtu atangulie, kwa nini asiwe yule anayeamua Novemba?

Mleta mada

Kuhusu kalenda umepiga penyewe, na hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote. Nchi igawanywe kanda nne, zipishane: Kusini ikitangulia safari hii, ijayo itangulie Magharibi, na kati ya kanda ya kwanza na ya mwisho zisipite wiki nyingi. Kokasi ziondoke, kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kukaa ukumbini saa mbili.

Lakini kumtanguliza yule anayeamua Novemba siwezi kukubali, kwa sababu hujui ni nani. Mwaka 2016 Georgia ilihesabiwa kuwa ya Republikan, na Clinton akashindwa pale kwa alama kama tano za asilimia. Mwaka 2020 Biden akaishinda kwa kura 11,779, na Januari 2021 Georgia hiyohiyo ikawapeleka Wademokrat wawili, Warnock na Ossoff, Seneti na kuipa Demokratik udhibiti wake. Wale waliofurika kwenye mchujo wa Georgia ndio waliokuja kuubeba ushindi huo. Ungewashusha uzito 2016, wangekuwa na sababu gani ya kuendelea kukijenga chama?

Sasa rudi 2008 na unitajie majimbo ambayo ungeyatanguliza wakati ule. Ungesema Florida, Iowa, na kwanza kabisa Ohio yako. Obama aliyashinda yote matatu mwaka huo, na tena 2012. Mwaka 2024 Trump ameyachukua yote matatu, kila moja kwa zaidi ya alama kumi. Kwa kanuni unayoipigania, kura yako ya mchujo pale Columbus mwaka 2028 inapaswa kushushwa. Mimi nasema isishushwe. Wewe unasemaje?