Naomba kueleweshwa: yule mnene anayecheka dukani kwa Mchina ndiye Budha mwenyewe?

Mtoto wa Msimbazi:
Habari za jioni wakuu. Nauza duka la vyombo Kariakoo, bosi wangu Mchina. Kwenye kaunta, pembeni ya mashine ya risiti, kuna sanamu ya mzee kipara, mnene, tumbo nje, anacheka kama kashinda bahati nasibu, na gunia lake mgongoni. Kila asubuhi bosi anamwekea machungwa matatu na kumchomea vijiti vya ubani. Wiki iliyopita nilitoka nyumbani sijanywa chai, saa nne njaa ikanibana, nikala moja. Bosi aliwaka! Siku nzima hakunisemesha, na Jumamosi posho ikawa pungufu elfu tano.

Sasa naomba kujua. Huyo ndiye Budha? Ndiye mungu wao? Na mimi niliyekula chungwa lake nimejitafutia balaa? Mama mkwe ameshaanza kusema nikasomewe dua.

Fundi Waya:
Mdogo wangu, dua haikatazwi, ila kwa hilo chungwa lala usingizi. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Ilala. Miaka ya nyuma nilipata kazi ya kubadilisha waya kwenye hekalu la Wabudha lililopo hapahapa mjini, Upanga. Wengi hupita bila kujua kama lipo. Lilianzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka waliokuja enzi za Mwingereza. Nilikaa pale siku nane, na mtawa mmoja mzee alikuwa anapenda kuongea kuliko mimi.

Huyo wa kwenu si Budha. Ni Budai, mtawa wa Kichina wa karne ya 10, na jina lenyewe maana yake mfuko wa nguo, ndiyo hilo gunia. Wachina wengi wanamhesabu kuwa ni Maitreya, yaani Budha atakayekuja baadaye. Budha mwenyewe hakuwa na kitambi. Tena kuna wakati alikonda mpaka mbavu zikahesabika.

Jina lake Siddhartha Gautama, mtoto wa wakubwa wa ukoo wa Shakya. Alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal, yapata karne ya 6 au ya 5 kabla ya Kristo. Simulizi zao zinasema alilelewa ndani ya raha, hajui shida. Siku alipotoka akakutana na mzee, mgonjwa, maiti, kisha mtawa aliyetulia, basi raha yote ikamtumbukia nyongo. Akiwa na miaka 29 akaondoka usiku, akamwacha mke na mtoto mchanga. (Hapo mimi nilimbishia mtawa. Mtu unamwachaje mke aliyetoka kujifungua? Akacheka tu, akasema hata wao swali hilo huwa wanaulizwa.)

Miaka sita alijitesa kwa njaa, hakupata kitu. Akala wali wa maziwa aliopewa na mwanamke mmoja, akaenda kukaa chini ya mti mahali panapoitwa Bodh Gaya, kaskazini mwa India, na hapo ndipo akili ilipomfunguka. Neno Budha si jina la mtu, maana yake ni aliyeamka. Mahubiri ya kwanza aliwapa pale Sarnath wenzake watano waliokuwa wakijitesa naye, wakamsusa alipoacha kufunga. Akafundisha miaka 45, akafariki Kushinagar akiwa na miaka 80.

Mafundisho yenyewe nilielewa kwa lugha ya kazi yangu. Breka ikidondoka usiku, fundi mvivu anairudisha juu na kuondoka. Kesho inadondoka tena. Fundi wa kweli anatafuta waya uliochubuka. Budha alisema hivyo hivyo: maisha yana dhiki, dhiki ina chanzo chake, chanzo kinaweza kuondolewa, na njia ya kukiondoa ipo. Chanzo ni tamaa, ile ya kung'ang'ania vitu visivyokaa. Njia wanaigawa sehemu nane, ziko humo kusema kweli, kupata riziki bila kudhuru watu na kuituliza akili. Waumini wa kawaida wana makatazo matano: kuua, kuiba, kuzini, kusema uongo, kulewa. Kwa hiyo kesi yako ya chungwa inaangukia namba mbili, hahaha.

Mswalihina wa Temeke:
Sanamu, ubani, matunda mbele ya mzee wa udongo. Mtaita falsafa, mimi naita kuabudu masanamu. Na Mungu yuko wapi hapo? Fundi umezunguka sana, hujamtaja.

Binti wa Nanjing:
Shikamoo Fundi. Nilisoma Uchina miaka minne, naomba kuongezea. Kaka wa Temeke, karne nyingi za mwanzo Wabudha hawakuchonga sura yake kabisa. Walichora nyayo, gurudumu, mti, au kiti kitupu. Sanamu za umbo la mtu zilianza kuenea kwenye karne ya 1 baada ya Kristo, maeneo ya Gandhara (upande wa Pakistan ya leo) na Mathura (India).

Mtu aliyeisukuma dini hii mbali ni mfalme Ashoka wa India. Alipigana vita vya Kalinga karne ya 3 kabla ya Kristo, halafu akachonga kwenye majabali, kwa amri yake mwenyewe, kwamba watu 100,000 waliuawa, 150,000 walihamishwa, na kwamba anajuta. Ni mfalme gani mwingine aliandika majuto yake juu ya mwamba? Katika maandishi hayo hayo anasema ujumbe wake wa dhama, yaani mafundisho ya kuishi kwa haki, umefika kwa wafalme wa Kigiriki, akiwemo Ptolemy wa Misri na Magas wa Cyrene, Libya ya leo. Yaani Afrika ilitajwa mapema hivyo. Na mwaka 2022 wachimbuzi walikuta sanamu ya Budha ya marumaru, urefu sentimita 71, Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu. Ni ya karne ya 2. Wafanyabiashara waliofuata pepo za kusi na kaskazi ndio waliobeba mambo haya.

Sri Lanka simulizi zinasema alikwenda Mahinda, mtoto wa Ashoka, na dada yake Sanghamitta akapeleka chipukizi la ule mti wa Bodh Gaya. Mti huo mpaka leo uko Anuradhapura. Uchina dini ilifika kwa njia za misafara. Cha ajabu, India kwenyewe ilikaribia kupotea, hadi Ambedkar, kiongozi wa watu wa tabaka la chini, alipoingia dini hiyo na wafuasi wake karibu nusu milioni pale Nagpur, mwaka 1956.

Fundi Waya:
Marahaba binti. Upanga nao wana mti wa aina hiyo, jamii ya mkuyu, jani lake lina ncha ndefu kama mkia wa panya.

Mswalihina, swali lako nilimuuliza mtawa vile vile. Akanipa kisa cha Budha mwenyewe: mtu kachomwa mshale wenye sumu, tabibu kaja, majeruhi anakataa usitolewe mpaka ajue aliyepiga ni nani, kabila gani, upinde wa mti upi. Atakufa kabla hajajibiwa. Ni kama umegongwa na bodaboda, umefikishwa Muhimbili, halafu unadai kwanza namba ya leseni ya dereva. Wao muumba hawamzungumzii. Mimi Muislamu sikuridhika, nikamwambia hivyo hivyo. Akanimiminia chai kavu. Yeye chakula hagusi baada ya adhuhuri, mimi nikala chapati zangu peke yangu kwa aibu.

Mtoto wa Msimbazi:
Asanteni sana wakuu. Leo nimempa bosi habari za Budai na gunia. Ameshangaa, anasema yeye mwenyewe hajui sana, sanamu alipewa na mama yake kwa ajili ya biashara. Ila amenielekeza: ubani ukishaisha, machungwa yanaruhusiwa kuliwa, kosa langu nilikula kabla. Jioni amenipa mawili. Elfu tano hajaitaja, na mimi bado sijauliza.