Mwanafunzi wangu Mchina ana disleksia, mzaha unamfikia wiki ijayo

Mwalimu wa South B:
Hamjambo. Nafundisha Kiswahili majumbani, na kila Alhamisi huwa Kilimani kwa kijana wa Kichina wa miaka 14. Wazazi waliniambia mapema kwamba ana disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika, tangu wakiwa kwao. Kuongea hana shida. Juzi alivyobishana bei na mama mboga, mimi ndiye niliyeona haya. Shida ni mizaha.

Niliandika ubaoni: "Kaa alikalia kaa la moto." Dada yake mdogo alicheka hadi kalamu ikamponyoka. Yeye akanikodolea macho. Nikatambaza vidole mezani kama kaa, kisha nikaruka kama nimeungua. Akacheka kutushinda sote. Jana saa nne usiku naye akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, paa! Paa yuko juu ya paa!" Huo niliutoa wiki iliyopita.

Nilidhani disleksia ni ya sisi tunaosoma a, e, i, o, u. Wenzetu wanaoandika kwa alama, inawaingilia wapi? Na je, niache kumtania?

Kiptoo wa Tabla:
Mwalimu, Kiswahili ni lugha yake ya ngapi? Mimi Mkalenjin, paa hao walinipiga chenga mpaka darasa la saba, na sina disleksia.

Mwalimu wa South B:
Kweli, ila mamake anasema hata kwa Kichina ni vivyo hivyo.

Nilisoma Wuhan:
Hapo mamake amekupa jibu. Alama moja ya Kichina kwa kawaida ni silabi moja yenye maana yake, na silabi zenyewe ni chache, kwa hiyo maneno chungu nzima hugongana kwa sauti. Utani mwingi wao umejaa humo. Wana misemo ya vipande viwili, cha kwanza kinatega, cha pili kinategua: "Confucius anahama nyumba: vitabu vitupu." Kitabu ni shū. Kushindwa pia ni shū, toni ile ile, ila alama nyingine. Yaani wewe ni wa kufungwa tu. Nilitupiwa huo bwenini kila nilipocheza mpira wa meza, nikawa nacheka kwa adabu.

Ili ucheke, alama zote mbili zikujie kichwani papo hapo. Wenye disleksia kule mara nyingi hutatizwa na hilo hilo: kukumbuka alama, na kutenganisha maana zinazoshiriki sauti moja. Maana ya pili inachelewa kama matatu ya Jogoo Road jioni. Akili haina kosa.

Mama Wawili, Umoja:
Wangu wa kwanza anayo. Usiache kumtania! Ila usimwulize "umeelewa?" mbele ya dada yake. Wangu alijifunza kucheka wenzake wanapocheka, na miaka miwili nzima sikushtuka.

Mwalimu wa South B:
Asanteni. Leo nimegeuza somo, nikamwambia anitanie yeye. Akanipeleka mlangoni penye karatasi yao nyekundu yenye alama ya baraka, imebandikwa kichwa chini. Akaisoma: fú dào. Akapindua kiganja: dào, imepinduka. Kisha akaniita kwa mkono niingie ndani: dào, imefika. Baraka imefika!

Mimi nikatabasamu tu kwa heshima. Tangu Januari nilidhani waliibandika vibaya. Kicheko kimenijia kwenye ngazi, peke yangu, bawabu ananitazama.