Grupu la Nyumba ya Barabara ya 14: kombi ya Mwana

*Jumatano, baada ya isha*

Mama Mwana: Asalaam alaykum nyote. Mfumo wa kubadili kombi za kidato cha tano unafungwa Ijumaa. Mwana ana wani, daraja la kwanza, ya pointi 16 fomu foo. Nataka tuongee kama ukoo, msije mkaniambia baadaye sikuuliza.

Shangazi Zainabu: Waalaykum salaam wifi. Hongera tena jamani, 16 si mchezo.

Mjomba Kombo: Alichojaza shuleni kilikuwa nini?

Mama Mwana: PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, Kilakala ya Morogoro. Ya pili PCM, yenye Hesabu badala ya Baiolojia, Msalato ya Dodoma. Ya tatu sikumbuki.

Mjomba Kombo: PCM iwe ya kwanza. Injinia hakosi kazi. Bomba la mafuta linaishia hapa hapa Tanga, Chongoleani, nani atalisimamia, wageni?

Sefu: Mjomba, Hesabu ana C.

Mjomba Kombo: C ni kufaulu.

Sefu: Ni kufaulu fomu foo. Hesabu ya adivansi ni mnyama mwingine. Mama mdogo, tuma matokeo yote, somo kwa somo. Tusiongee hewani.

Mama Mwana: Kiswahili A. Baiolojia B, Kemia B, Jografia B. Fizikia C, Hesabu C, Kiingereza C, Uraia C, Historia C.

Bibi: 🎤 (sekunde 41)

Mudi: Kwa wasio na bando, Bibi anasema: "Hiyo kombi mnayobishania ni gari gani? Mie kombi ninayoijua ilikuwa ya padri, ikitupeleka Muheza."

Shangazi Zainabu: 😂😂 Shikamoo mama. Kombi ni masomo matatu anayokwenda nayo mtoto kidato cha tano. Siku hizi wanaita tahasusi.

Sefu: Shikamoo Bibi. Na zimeongezeka. Mwaka 2024 serikali iliongeza 49 mpya, zikawa 65.

Bibi: 🎤 (sekunde 9)

Mudi: "Kombi sitini na tano! Si stendi ya Kange yote hiyo?"

Da Salma: Bibi umeniua 😂

Sefu: Haya, tupige hesabu. A ni 1, B ni 2, C ni 3, na ndogo ndiyo bora. PCB ana 7. PCM ana 8. CBG ana 6. Kwa cheti hiki mtoto ni wa Baiolojia, Kemia na Jografia. Sisemi achague hiyo, nasema cheti ndivyo kinavyosema.

Mama Mwana: CBG inampeleka wapi? Mimi nataka daktari.

Da Salma: Mkaza mjomba, kwa udaktari CBG haipo. Ile shahada ya MD wanataka ufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Ukikosa Fizikia hata uwe na A mbili mlango umefungwa. Mimi nilisoma PCB, najua lilivyonitoa jasho. Na BAM juu yake, ile Hesabu ndogo, msiisahau.

Mama Mwana: Basi PCB. Tumemaliza.

Mjomba Kombo: Hatujamaliza. Shule. Ngoja niwaletee orodha ya shule kumi bora, nimetumiwa sasa hivi.

*Mjomba Kombo ametuma picha. "Imesambazwa mara nyingi."*

Sefu: Mjomba, hiyo kaitengeneza mtu na simu yake. Necta, baraza la mitihani lenyewe, walisema Januari 2023 kuwa hawatangazi tena shule bora wala mwanafunzi bora.

Mjomba Kombo: Mbona ina nembo?

Sefu: Nembo hata mimi naweza kuibandika kwenye mfuko wa unga.

Mama Mwana: Sefu usimjibu mjomba wako hivyo.

Sefu: Samahani mjomba.

Mjomba Kombo: Nimesamehe. Ila binti wa jirani yangu yuko shule binafsi huko Dar, nje ya geti wana bango la A tupu. Ada milioni tatu na laki nne kwa mwaka.

Baba Mwana: Kwa mwaka?

Mjomba Kombo: Chakula ndani.

Baba Mwana: Shemeji, kwa hela hiyo hata mimi ningerudi darasani. Serikalini ada ya tano na sita ilishafutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23. Tuongee serikalini.

Sefu: Na mabango yale, baba mdogo, shule nyingine wanachuja. Ukishuka chini ya wastani fulani unaambiwa utafute pengine kabla ya mtihani. Halafu bango linajaa A. Si zote, ila uliza kwanza.

Shangazi Zainabu: Sasa mtu atajuaje shule nzuri kama orodha hakuna?

Sefu: Shangazi, hapo ndipo pa kukaa. Naandika ndefu, mnivumilie.

Sefu: Fungueni tovuti ya Necta, matokeo ya kidato cha sita, bofya jina la shule. Watu wote huishia juu, kwenye wani ngapi, tuu ngapi. Shukeni mpaka chini kabisa, pana jedwali la masomo. Kila somo limeandikwa waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, na GPA. Hapo GPA ndogo ndiyo nzuri, kinyume cha chuo, msije mkachanganya. Sasa tazameni mstari wa Fizikia peke yake. Shule inaweza kuwa na wani nyingi za kombi za sanaa, HGL na HKL, ikasifiwa mkoa mzima, na Fizikia yake imelala chali. Halafu fungua mwaka wa nyuma yake, na wa nyuma tena. Mwaka mmoja mzuri huenda ni mwalimu mmoja, na mwalimu huhama.

Da Salma: Hii kweli kabisa. Na idadi. Watoto 15 wa PCB si sawa na 120 kwenye maabara ile ile.

Sefu: Halafu tafuta mtu aliyemaliza pale mwaka jana. Usimwulize "shule nzuri?", kila mtu husifia alikosoma. Mwulize: titresheni, lile jaribio la Kemia maabara, mlifanya mara ngapi kabla ya mtihani? Akisema "nyingi" mwambie ahesabu.

Shangazi Zainabu: Wewe Sefu umeumwa na nyoka wewe.

Sefu: Nimeumwa shangazi. Jina la shule siandiki. Nilichaguliwa PCM, ukoo mzima ukashangilia, baba akachinja kuku wawili, mnakumbuka. Shule ina jina kubwa. Nikafika, maabara ipo, imepakwa rangi mpya, kufuli lina kutu. Bureti nzima zilikuwa nne, sisi tulikuwa sabini na kitu. Mmoja anashika, kumi na saba wanachungulia. Mwalimu wa Fizikia akaenda masomoni Septemba. Wa pili alikuja Februari. Mtihani Mei. Katikati tulikuwa tunafundishana wenyewe kwa madesa, notisi za waliotutangulia, na desa lilikuwa na makosa, tukayakariri na makosa yake. Nilitoka na Hesabu C, Kemia D, Fizikia E. Ndiyo maana leo nafundisha Hesabu, na injinia mnayemtaka hayumo ukooni.

Baba Mwana: Hukuwahi kutuambia hili la Septemba.

Sefu: Kuku walishaliwa, baba mdogo.

Bibi: 🎤 (dakika 1 na sekunde 12)

Mudi: Kwa ufupi: Bibi anasema huko Morogoro na Dodoma ni mbali, kwa nini asisome Tanga, mbona Usagara na Galanos zipo, na akipelekwa Lushoto apewe sweta mbili. Halafu amemsema mtu aliyechukua kibao chake cha mbuzi.

Shangazi Zainabu: Kibao ninacho mimi mama, nitakirudisha.

Mama Mwana: Kilakala ni shule ya vipaji maalumu. Mimi naomba Mungu aipate.

Sefu: Aiweke mama mdogo, hakuna dhambi kuiweka. Ila foleni ya pale utakuta watoto wa pointi saba, nane. Yeye ana 16. Na anayepanga ni serikali, TAMISEMI, si sisi. Kwa hiyo zile za pili na tatu ndizo za kufikiria sana, maana huko ndiko mtoto anakoangukia. Watu hujaza ya kwanza kwa siku tatu, zilizobaki kwa dakika mbili.

Da Salma: Jamani samahani. Mwana yumo humu humu kwenye grupu. Kuna aliyemwuliza?

*Alhamisi, alfajiri*

Mjomba Kombo: Asubuhi njema. Usiku nimefungua ile Necta. Nimeshuka chini kama alivyosema Sefu. Kuna shule moja niliyokuwa naisifia miaka yote msikitini. Fizikia yake, Allah atusitiri.

Sefu: 😂 Karibu chamani mjomba.

Mama Mwana: Mwana, andika. Usiogope.

Mwana: Shikamooni wote.

Mwana: Mimi Fizikia sijui.

Mama Mwana: Una C!

Mwana: Nilikariri mama. Fomulasi nilikuwa naziandika mkononi nikiwa naosha vyombo. Mada za mwisho hatukufundishwa, tulipewa maswali na majibu tukakariri. Likigeuzwa swali kidogo sijui naanzia wapi. Baiolojia hata nisiposoma naelewa.

Da Salma: Huo ndio ukweli wa kuambiana kabla, si baada.

Baba Mwana: Unataka nini wewe mwenyewe?

Mwana: Samaki.

Mjomba Kombo: Kuuza?

Mwana: Kuwasoma mjomba. Kama babu alivyokuwa akituonyesha Kigombe. Alikuwa anampasua changu, ananipa vile vijiwe viwili vya kichwani, anasema vina mistari, ukihesabu unajua samaki ana miaka mingapi. Mwalimu wa Baiolojia nilipomwambia akasema babu yuko sahihi, ndivyo hata watafiti wanavyofanya. Na yule samaki silikanti, wataalamu walidhani ametoweka zamani za kale mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, leo ana hifadhi yake hapa hapa Tanga tangu 2009. Mimi natamani kufanya kazi pale.

Bibi: 🎤 (sekunde 6)

Mudi: Bibi hajasema kitu. Analia tu kidogo. Vile vijiwe vya babu bado viko kwenye kopo la kahawa.

Shangazi Zainabu: Babu yako angekuwepo leo.

Sefu: Mwana, CBG inakufaa, na milango ipo. Chuo Kikuu cha Sokoine wana shahada ya ufugaji wa viumbe wa majini, Dar es Salaam wanafundisha sayansi za bahari na uvuvi. Pia kuna FETA Mbegani pale Bagamoyo, chuo cha uvuvi chenyewe, ngazi ya cheti na diploma, hata kwa aliyetoka fomu foo. Ila lijue moja mapema: ukienda CBG, udaktari umeuaga. Usije ukageuka fomu siksi ukatulilia.

Mwana: Nimelijua kaka. Udaktari ulikuwa wa mama.

Mjomba Kombo: Samaki na shahada. Haya. Kwa mji wa pwani si wazimu, ukifikiri.

Da Salma: Na CBG nayo ina Kemia na Baiolojia, maabara ni ile ile. Kwa hiyo jedwali la Sefu bado mnalihitaji. Jana nimeangalia shule tano za wasichana, nitakutumia Mwana inboksi, mistari miwili hiyo tu, miaka mitatu mitatu. Moja ni ndogo, haina jina, wala hujawahi kuisikia. Kemia yao imenyooka miaka yote mitatu.

Mwana: Asante da Salma.

Baba Mwana: Mwana ajaze mwenyewe. Sefu ukae naye jioni, muangalie namba ya mtihani isikosewe. Mimi niko njiani Segera, natelemka na mzigo.

Sefu: Nitapita baada ya magharibi. Nataka mahamri.

*Alhamisi, saa 2 usiku*

Sefu: Imekwenda. Ya kwanza CBG, ile shule ndogo ya Salma. Ya pili CBG, Korogwe. Ya tatu PCB Kilakala, tumeiacha kwa heshima ya mama mdogo.

Mwana: Nimebonyeza mwenyewe. Mkono ulitetemeka.

Mjomba Kombo: Mungu aongoze.

Da Salma: Amina.

Shangazi Zainabu: Wifi uko kimya.

Shangazi Zainabu: Wifi?

*Alhamisi, saa 4 usiku*

Mama Mwana: Nipo. Nilikuwa nasoma fomu ya kujiunga ya mwaka jana ya hiyo shule ndogo, Salma kanitumia. Jembe, fagio la chelewa, ndoo mbili zenye mfuniko, rimu ya karatasi, shuka za bluu jozi mbili, koti jeupe la maabara. Kumbe hata CBG wanavaa koti jeupe.

Da Salma: Wanavaa mkaza mjomba. Jeupe kabisa.

Mama Mwana: Koti atashonewa na Mwalimu Hadija wa Makorora, la dukani linachanika kwapani. Godoro ninunue la futi mbili na nusu au tatu?

Shangazi Zainabu: Mbili na nusu wifi. Vitanda vyao ni dabodeka, la tatu litaning'inia.